Mwenye Duka Hawezi Kuwa Bawabu wa Dola

Katika nchi ya Marekani yako maduka makubwa ambamo mama wa nyumbani hununua unga, sabuni na madaftari ya watoto wa skuli, na ndani ya jengo hilo hilo, karibu na rafu za vifaa vya michezo, mtu mwingine hununua bunduki. Katika mji huo huo, pengine mtaa wa pili tu, liko duka dogo la mtu mmoja au la ukoo mmoja, ambalo kazi yake ni silaha peke yake: huziuza, huzinunua zilizokwishatumika, na huzitengeneza zinapoharibika. Wamarekani wamebishana kwa miaka mingi juu ya maduka hayo mawili. Wako wasemao kuwa mnunuzi mwenye akili aende kwenye duka kubwa lenye matawi nchi nzima, na wako wasemao kuwa silaha isinunuliwe ila kwa muuzaji wa mtaani anayemjua mteja wake kwa sura na kwa jina.

Msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba ana haki ya kuuliza: ubishi huo unatuhusu nini sisi? Unatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna nchi duniani yenye silaha nyingi mikononi mwa raia kama Marekani. Taasisi ya Small Arms Survey ya mjini Geneva ilikadiria, katika hesabu iliyotolewa mwaka 2018, kwamba raia wa dunia nzima walikuwa na silaha zipatazo milioni 857, na kwamba milioni 393 kati ya hizo zilikuwa Marekani. Yaani silaha nyingi kuliko idadi ya watu wa nchi hiyo, wakihesabiwa na watoto wachanga. Mwenye kutaka kujua biashara ya silaha humfikisha mtu wapi, hana budi kutazama huko. Pili, ndani ya ubishi huo limejificha swali moja kubwa: ni nani anayestahili kukabidhiwa mlango ambamo silaha hupita kwenda kwa raia? Swali hilo visiwa hivi viliwahi kulijibu, karibu karne mbili zilizopita, na vikalijibu nusu. Tutalirejea.

Tuanze kwa kuzitendea haki pande zote mbili.

Wenye kulitetea duka kubwa wana hoja zao. Kampuni inayonunua bidhaa kwa maelfu hupata bei ya chini kutoka kiwandani, na mnunuzi hufaidika. Kampuni hiyo ina taratibu zilizoandikwa, ina wanasheria, ina jina la kulinda mbele ya umma, na ina mali nyingi ya kupoteza ikishitakiwa. Wenye kulitetea duka dogo nao husema kuwa karani wa duka kubwa leo anauza bunduki, kesho atahamishiwa sehemu ya rangi za nyumba, na ujuzi wake ni ule aliofundishwa kwa siku chache. Ilhali mwenye duka dogo ameishi na kazi hiyo umri wake wote. Yeye humwonyesha mnunuzi namna ya kuishika silaha, huitengeneza inapoharibika, na fedha anayoipata hubaki mjini badala ya kupelekwa kwa wenye hisa walio mbali. Zaidi ya yote, yeye humjua mteja. Anajua nani amefukuzwa kazi, nani ameachwa na mkewe, nani ameanza kulewa.

Mbele ya sheria ya serikali yao kuu maduka hayo mawili ni sawa. Tangu sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968, kila mwenye kuifanya kazi ya kuuza silaha lazima awe na leseni ya serikali kuu. Mnunuzi hujaza fomu yenye namba 4473 na kuapa kwamba hamo katika makundi yaliyokatazwa, kama vile watu waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa. Kwa sheria ya Brady ya mwaka 1993, na kwa mtambo wa uchunguzi ulioanza kazi mwezi Novemba 1998, jina lake hupelekwa kwa FBI au kwa mamlaka ya jimbo ili litazamwe kabla silaha haijatolewa. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye maandishi. Mambo yaliyotendeka madukani yana hadithi nyingine.

Mwaka 1987, katika jimbo la Florida, mtu aliyekuwa amelewa aliingia katika tawi moja la maduka ya Kmart kununua bunduki. Mwandiko wake haukusomeka, na karani akamjazia fomu. Usiku huo huo mtu yule alimpiga risasi mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, na mwanamke yule akapooza maisha. Mahakama Kuu ya Florida iliamua mwaka 1997 kwamba muuzaji anaweza kuwajibishwa kwa kumwuzia silaha mtu anayemjua kuwa amelewa. Tazama basi: taratibu zilikuwepo, fomu ilikuwepo, wanasheria wa kampuni walikuwepo makao makuu, aliyekosekana ni mtu mmoja mbele ya meza wa kusema hapana. Mwaka 2005 kampuni ya Walmart nayo ilikubali kulipa dola milioni 14.5 kumaliza madai ya jimbo la California kwamba matawi yake yalikiuka sheria za jimbo za uuzaji wa silaha mara maelfu kadhaa katika miaka michache tu. Ukubwa wa kampuni, basi, si kinga.

Lakini na udogo si kinga. Bunduki iliyotumiwa mwezi Oktoba 2002 kuua watu kumi katika mji mkuu wa Washington na maeneo ya jirani ilitoka katika duka moja la silaha la mji wa Tacoma, upande wa pili wa nchi. Mwenye duka hakuweza kueleza ilivyotoka. Wakaguzi walipopekua daftari zake waliona kuwa silaha zaidi ya 200 hazijulikani zilipo. Ndugu wa waliouawa na majeruhi walishitaki, na mwaka 2004 wakalipwa dola milioni 2.5 na duka pamoja na kiwanda. Na mjini Milwaukee, mwaka 2009, kijana wa miaka 18, ambaye sheria ilimkataza kununua bastola, alikwenda dukani pamoja na mtu mzima aliyejifanya kuwa ndiye mnunuzi. Dalili zote zilikuwa mbele ya muuzaji, na bado bastola iliuzwa. Haukupita muda mrefu kijana yule akawapiga risasi usoni askari polisi wawili. Wote wawili walinusurika, na mwaka 2015 baraza la mahakama likaamua walipwe fidia iliyokaribia dola milioni 6. Muuzaji wa mtaani alimwona mteja kwa macho yake mawili. Macho hayakusaidia, kwa kuwa mkono ulikuwa umekwishanyooshwa kupokea fedha.

Isidhaniwe kuwa tunawatia wauzaji wadogo wote katika kapu moja. Idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na miripuko, ijulikanayo kwa herufi ATF, ilitoa taarifa mwaka 2000 ikionyesha kwamba kiasi cha asilimia 57 ya silaha za uhalifu zilizofuatiliwa hadi kwa wauzaji waliokuwa wakifanya kazi zilitoka kwa asilimia 1.2 tu ya wauzaji hao. Hesabu hiyo isomwe kwa uangalifu, maana duka linalouza nyingi litafuatiliwa nyingi hata kama halina kosa. Hata hivyo maana yake kubwa iko wazi: wauzaji wengi hawahusiki, na wachache wanatosha kuchafua nchi nzima.

Wako pia wauzaji wa mtaani waliofanya jambo la kusifiwa. Katika jimbo la New Hampshire, mwaka 2009, watu watatu wasiojuana walinunua silaha katika duka moja, na katika muda usiotimia wiki moja wote watatu walikuwa wamejiua, kila mmoja saa chache baada ya kununua. Wenye maduka hawakunyamaza. Walikaa pamoja na wataalamu wa afya, wakatengeneza maelekezo ya kumtambua mteja aliyekata tamaa, na karibu nusu ya maduka ya jimbo hilo yakayabandika na kuyagawa. Jambo hilo si dogo, kwa sababu zaidi ya nusu ya vifo vya risasi Marekani ni vya watu kujiua. Mwaka 2021 pekee waliokufa kwa silaha nchini humo walikuwa 48,830, na kati yao zaidi ya 26,000 walijiua wenyewe. Hapo ndipo ujuzi wa muuzaji wa mtaani ulipoonyesha thamani yake.

Sasa tutazame namna makampuni makubwa yalivyojitoa hatua kwa hatua katika biashara hii, maana ndani ya historia hiyo mna funzo.

Mwaka 1993 Walmart iliamua kuacha kuuza bastola katika maduka yake, isipokuwa Alaska. Mwaka 2001 Kmart iliacha kuuza risasi za bastola, baada ya kelele zilizofuatia mauaji ya skuli ya Columbine ya mwaka 1999. Mwaka 2008 Walmart ilikubaliana na mameya wa miji kurekodi kwa picha mauzo ya bunduki, na mwaka 2015 ikaacha kuuza bunduki za mtindo wa kivita. Mwaka 2018, baada ya watu 17 kuuawa katika skuli ya Parkland, kampuni ya vifaa vya michezo ya Dick's iliziondoa bunduki hizo madukani na kuziharibu, na Walmart ikapandisha umri wa mnunuzi kuwa miaka 21. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu mmoja aliingia katika duka la Walmart la El Paso, Texas, akafyatua risasi. Waliokufa walifikia 23. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ilitangaza kuacha kuuza risasi za bastola na za bunduki fupi zilizo sawa na za kivita, na kuacha bastola hata huko Alaska. Uongozi wake ulikisia kuwa sehemu yake ya soko la risasi, iliyokuwa kiasi cha asilimia 20, ingeshuka hadi kati ya asilimia 6 na 9.

Maamuzi hayo yalipongezwa na wengi, nasi hatuoni ubaya kuyapongeza. Lakini mwananchi mwenye kupima mambo hataishia kwenye pongezi. Atauliza: nani aliamua? Na atauliza: je, uamuzi huo hautatanguliwa kesho?

Aliyeamua ni bodi ya wakurugenzi. Haikuwa bunge, wala haikuwa kura ya wananchi. Bodi huamua kwa kupima faida na sifa ya kampuni, na kipimo hicho hubadilika. Ushahidi uko katika kampuni ile ile ya Dick's. Mwezi Desemba 2012, baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika skuli ya Sandy Hook, kampuni hiyo ilisimamisha uuzaji wa bunduki za mtindo wa kivita. Mwaka uliofuata ilifungua maduka mapya yenye jina jingine, Field & Stream, na ndani ya maduka hayo bunduki zile zile zikarudi sokoni. Ilihitaji vifo vingine, miaka mitano baadaye, ili ziondolewe tena. Hatusemi kuwa viongozi wake ni watu wabaya. Mwenyekiti wao alisema hadharani kwamba uamuzi wa mwaka 2018 uliipotezea kampuni mauzo ya kiasi cha robo ya bilioni ya dola, na si kila tajiri angelikubali hasara hiyo. Tunasema kwamba usalama wa taifa ulikuwa umewekwa katika daftari la faida na hasara, na mahali pake si hapo.

Tena, mteja aliyekataliwa na duka kubwa hakurudi nyumbani. Alivuka barabara. Sheria ya Marekani inasema kwamba uchunguzi wa jina usipokamilika katika siku tatu za kazi, muuzaji ana hiari ya kutoa silaha. Walmart ilijiwekea sharti la kutotoa mpaka jibu la wazi lipatikane. Muuzaji mwingine halazimiki kufanya hivyo. Kwa mwanya huo, mwaka 2015, kijana mmoja ambaye hakustahili alipata bastola katika duka la jimbo la South Carolina, akaenda nayo katika kanisa la watu weusi mjini Charleston, akaua waumini tisa waliokuwa wakisoma maandiko. Na uko mlango wa tatu, ambao ubishi wa duka kubwa na duka dogo huufanya usahaulike: raia asiye na leseni ya biashara anayemwuzia raia mwenzake. Kwa sheria ya serikali yao kuu huyo halazimiki kupeleka jina la mnunuzi popote, ingawa baadhi ya majimbo yameuziba mlango huo kwa sheria zao.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Dola ya Marekani imemkabidhi mwenye duka kazi ya bawabu, kisha ikajifunga mikono isiweze kumsimamia bawabu huyo. Sheria iliyopitishwa mwaka 1986 ilikataza kuwekwa kwa orodha ya taifa ya silaha na wenye silaha, na ikaweka kikomo kwamba ukaguzi wa kawaida wa duka usizidi mara moja katika miezi kumi na miwili. Silaha inapookotwa penye uhalifu, maofisa katika kituo cha Martinsburg, jimbo la West Virginia, hulazimika kufuata nyayo zake kutoka kiwandani hadi dukani kwa simu na kwa makaratasi. Na duka likiwa limefungwa, hupekua kumbukumbu zake ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa hawaruhusiwi kuzipanga ziwe orodha ya kutafutwa kwa jina. Mwaka 2005 bunge lao likapitisha sheria ya kuwakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha na mashitaka mengi ya madai. Ni kweli kwamba mwaka 2022 sheria mpya ilikaza uchunguzi wa wanunuzi wasiofika miaka 21, na ikaufanya ununuzi wa kivuli, yaani kumnunulia silaha mtu aliyekatazwa, kuwa kosa mahsusi la serikali kuu. Hatua hiyo ni njema, ila imekuja baada ya makaburi mengi.

Jirani yao wa kusini, Mexico, aliifuata njia nyingine kabisa. Huko silaha haiuzwi na duka kubwa wala dogo; huuzwa na jeshi, katika maduka mawili tu kwa nchi nzima. Kwa kipimo cha sheria ya ndani hakuna mlango uliofungwa vizuri kuliko huo. Na bado silaha nyingi za magenge ya Mexico zimenunuliwa katika maduka ya Marekani na kuvushwa mpaka. Serikali ya Mexico iliwashitaki watengenezaji mwaka 2021, na mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, ikasema kwamba sheria ile ya mwaka 2005 inawakinga. Nchi iliyofunga mlango wake iligundua kuwa ukuta wa jirani una tundu, na tundu hilo ni halali kwa sheria ya jirani.

Sasa turejee nyumbani, kwenye swali tulilosema kwamba visiwa hivi vililijibu nusu.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Said bin Sultan, ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, ulioletwa na mjumbe wao Edmund Roberts. Mkataba uliwaruhusu wafanyabiashara wa Kimarekani kuuza na kununua katika bandari za Sultani bila ya vikwazo. Hao ndio walioleta kitambaa ambacho mpaka leo wazee wetu wanakiita merikani. Lakini kuliwekwa sharti moja: bunduki, baruti na risasi, katika kisiwa cha Unguja, zisiuzwe ila kwa serikali. Mtawala hakujishughulisha kuuliza kama muuzaji ni tajiri wa Salem mwenye merikebu nyingi au ni mchuuzi wa forodhani. Alisema kwamba katika kisiwa hiki mnunuzi wa silaha ni mmoja tu.

Nusu ya pili ya sharti hilo ndiyo inayotia uchungu. Katika bandari zake nyingine zote mkataba uliacha silaha ziuzwe huru, kwa yeyote atakayetoa bei kubwa. Kisiwa kilijilinda, na pwani ya bara ikaachiwa soko. Matokeo yalionekana. Kufikia mwaka 1888 balozi wa Kiingereza, Euan-Smith, alikisia kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita hapa kila mwaka kwenda bara. Nyingi zilikuwa magobole na bunduki zilizotupwa na majeshi ya Ulaya, ambazo matajiri wa huko walikuwa wakitafuta pa kuzimwaga. Silaha hizo ziliwinda tembo, na ziliwinda watu. Vijiji vilivyochomwa moto huko bara, na mateka waliofungwa minyororo wakaletwa pwani, vilikuwa sehemu ya hesabu ya biashara ile.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakatia saini mkataba wa kuzuia silaha kuingia katika eneo kubwa la Afrika, na kutaka zilizoingia ziwekwe katika maghala ya serikali. Yalisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa. Hapana shaka ilikuwa na faida kwa jambo hilo. Lakini mwenye macho aliona kwamba mkono ule ule uliomnyang'anya Mwafrika gobole ulikuwa umeshika bunduki ya Maxim ukiigawa nchi yake. Hilo nalo ni funzo. Udhibiti wa silaha unaofanywa na mgeni kwa faida yake huitwa utekaji. Udhibiti unaostahili jina hilo ni ule unaofanywa na dola ya wananchi, kwa sheria wanayoijua, na unaombana mkubwa kama unavyombana mdogo.

Katika zama zetu nchi za kanda hii zimejaribu kulijibu swali kwa ukamilifu zaidi. Tarehe 21 Aprili 2004 zilitia saini Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo na nyepesi, na Tanzania ni mmojawapo. Itifaki hiyo inataka kila silaha itiwe alama, kumbukumbu zitunzwe, na raia wasimiliki bunduki zenye kujifyatua zenyewe wala zile zinazojipakia zenyewe. Mwaka 2015 Bunge la Jamhuri ya Muungano likapitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kwetu sisi kumiliki silaha si haki ya kuzaliwa nayo mtu. Ni ruhusa inayotolewa kwa sababu, na inayoweza kuondolewa kwa sababu.

Lakini sheria nzuri peke yake haitoshi, na hapa tunasema na watendaji wa Serikali bila ya kuzunguka.

Ubishi wa Wamarekani umetuonyesha vitu viwili vyenye thamani. Duka kubwa lina daftari na utaratibu. Duka dogo lina ujuzi wa mtu. Kila moja lilishindwa pale lilipokosa kilicho kwa mwenzake, na yote mawili yalishindwa pale faida iliposimama kati ya muuzaji na wajibu. Dola yetu inaweza kuvikusanya vyote viwili bila ya faida hiyo kuingia kati. Daftari liko polisi. Ujuzi wa mtu uko katika shehia. Sheha anajua nani katika mtaa wake ana ugomvi wa shamba uliofika mahakamani, nani ameanza kutumia dawa za kulevya, nani anampiga mkewe. Anajua pia mwenye leseni anapofariki dunia. Na silaha ya marehemu iliyobaki kabatini, isiyo na mwenyewe wala mwenye kuiulizia, ni silaha iliyokwishaanza safari. Kumwuliza sheha mara moja, siku ya maombi tu, hakutoshi. Yafaa daftari la polisi na taarifa za shehia zikutanishwe kila mwaka, jina kwa jina.

Pili, makampuni binafsi ya ulinzi. Silaha ya kampuni imeandikwa kwa jina la kampuni, lakini usiku inashikwa na kijana ambaye pengine ameajiriwa mwezi uliopita na ataondoka mwezi ujao, kama yule karani wa duka kubwa. Ni haki ya umma kujua kwamba kila anayekabidhiwa ametazamwa, amefundishwa, na ametia saini ya kupokea na ya kurudisha.

Tatu, bandari bubu. Sisi ni watu wa visiwa; mpaka wetu ni bahari, na bahari haina geti. Yote tutakayoyaandika katika daftari yatakuwa bure ikiwa chombo kinaweza kushusha mzigo usiku katika hori lisilo na ofisa. Mexico ilifunga duka, ikashindwa na mpaka. Mvuvi na baharia ndio walinzi wa kwanza wa mpaka wetu, lakini hawatasema kitu ikiwa kila anayetoa taarifa huishia kuwekwa ndani yeye mwenyewe kwa ajili ya maswali.

La mwisho ni zito kuliko yote. Tumesema kwamba mwenye duka hawezi kuwa bawabu wa dola, kwa kuwa ana faida yake katika kufungua mlango. Basi ofisa anayeweka saini kwa ajili ya undugu, au kwa ajili ya bahasha, au kwa kumwogopa mkubwa aliyepiga simu, naye amefungua duka. Tofauti yake na muuzaji wa Tacoma ni kwamba yule alilipia leseni yake ya biashara, na huyu anaitumia meza ya umma. Tuliosoma chuoni tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba amana si mali ya aliyeishika. Ataulizwa juu yake hapa, na ataulizwa huko tuendako. Kibali cha silaha ni amana ya namna hiyo. Jirani anayelala usingizi nyumba ya pili hajui kwamba fomu imewekwa mezani leo asubuhi, lakini roho yake imo ndani ya fomu hiyo.

Sharti la mwaka 1833 lilikuwa na akili, ila lilisimama kwenye ufukwe wa kisiwa kimoja na kuwasahau walio ng'ambo. Wajibu wetu ni kuikamilisha nusu iliyobaki: mlango mmoja, bawabu mmoja asiye na biashara, na daftari moja linalosomwa na jirani zetu wa bara kama tunavyolisoma sisi. Serikali ianze kwa kuwauliza wakuu wa wilaya zote za Unguja na Pemba swali jepesi: silaha ngapi zimo katika wilaya yako kwa leseni, na ni lini mara ya mwisho ulipomtuma mtu kuzitazama kwa macho? Majibu yao yatatueleza tumefika wapi.